Mwalimu wa Maziwa wa Bulla Pesa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa lishe katika kliniki ya watoto ya Bulla Pesa, mjini Isiolo, na nilikuwa mkali. Nasema mwenyewe kabla hajasema mtu mwingine. Mama akichelewa kumleta mtoto, nilimfokea. Akija na chupa ya kunyonyeshea, nilimfokea mara mbili, kwa sababu waraka ulikuwa umetoka wizarani kwamba chupa zisionekane tena katika wodi za akina mama wala kliniki, na zile picha za matangazo ya maziwa ya unga zibanduliwe ukutani. Nilizibandua kwa mikono yangu. Moja ilikuwa na mtoto wa Kizungu aliyenona mpaka shingo haionekani, na nilipoichana katikati nilijisikia kama nimeikomboa nchi. Mahali pake nikabandika bango la serikali la mama akinyonyesha, na chini yake maandishi makubwa kwamba maziwa ya mama hayana mfano.

Kisha jioni nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikafunga mlango, nikachukua kopo lililofichwa nyuma ya gunia la mahindi, nikamkorogea mwanangu maziwa ya unga katika chupa.

Mganga hajigangi. Mwanangu, kifungua mimba wangu, alikuwa na miezi mitatu. Likizo ya uzazi siku hizo ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua, likizo yako ya mwaka imekwenda nayo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Garba Tulla, akija mwisho wa mwezi. Mama yangu alikuwa Meru na ng'ombe wake, na ng'ombe hao hawakuwahi kumpa ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo nilitoka nyumbani asubuhi matiti yamejaa, nikawafundisha wanawake kutwa nzima umuhimu wa kunyonyesha, nikarudi jioni blauzi imekauka madoa mawili kifuani. Baada ya wiki chache madoa yenyewe yakaacha kutokea. Maziwa ni kama mgeni. Usipompokea, haji tena. Hilo nalo nilikuwa nikilifundisha.

Mtoto nilimwachia mama mwenye ploti niliyopanga. Alikuwa mama wa Kiborana, mpana, mwenye sauti ya kuita ngamia hata akiwa anakuomba chumvi. Alikuwa na watoto saba, na wa mwisho alikuwa binti wa miezi minane ambaye bado alikuwa ananyonya. Vyumba vyake sita alivipangisha kwa watu wa kila kabila na alitutawala sote kwa usawa, yaani alitugombeza sote. Chupa nilimpa nikiwa nimeizungushia taulo, tena taulo la maua, nikamwambia ni maji ya mtoto. Aliipokea, akaitia kwapani. Nikaamini kwamba siri yangu iko salama. Leo nikikumbuka hilo taulo nacheka peke yangu, maana chuchu ya mpira ilikuwa imechomoza juu na ploti nzima ilikuwa inaiona.

Kulikuwa na jambo jingine, baya kuliko chupa. Kopo halikufika mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilianza kulinyoosha. Penye vijiko vitatu nikatia viwili, kisha kimoja na nusu. Na kadi ya kliniki ya mwanangu, ile yenye barabara ya uzito ambayo mtoto mzuri anapanda nayo kama gari la kwenda Nanyuki, niliijaza mwenyewe mezani kwangu, kwa makisio. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Kwenye kadi, mwanangu alikuwa akipanda vizuri sana.

Sasa, mizani. Kliniki ilikuwa imeletewa mizani mpya ya kuning'iniza, yenye uso wa saa na ndoano chini, na suruali ya kitambaa ambamo mtoto hutumbukizwa akabaki akining'inia miguu hewani. Ilipofika nilidhani akina mama watafurahi. Hawakufurahi hata kidogo. Mizani ya namna hiyo walikuwa wanaijua vizuri. Walikuwa wanaiona kila siku buchani, imeshika paja la mbuzi.

"Mwalimu," aliniuliza mama mmoja kutoka mtaa wa Kiwanjani, "hii mtoto unataka kuuza kilo ngapi?"

Wengine wakacheka, lakini hawakuleta watoto. Si utani tu uliowazuia. Kwa Waborana na Wasomali, na kwa kweli hata kwa bibi yangu mzaa mama huko Meru, mtoto hahesabiwi wala hapimwi mbele za watu. Ukitaja unene wake kwa sauti umelialika jicho la husuda. Mtu akimsifu mtoto bila kusema mashallah, mama huyo halali usingizi. Na mimi nilikuwa nasimama pale na kalamu, nikitaka kutangaza kilo za kila mtoto mbele ya wanawake thelathini. Wiki mbili mizani ilining'inia tupu. Msimamizi wangu, bwana mmoja nadhifu aliyekuwa na ofisi nyuma ya kliniki na kalamu tatu mfukoni, akaniambia takwimu za mwezi hazina kitu na jina langu ndilo litakaloandikwa.

Jumanne iliyofuata nikapiga moyo konde. Niliwahutubia. Niliwaambia ujinga ndio jicho lenyewe. Niliwaambia mtoto asiyepimwa ni sawa na mbuzi asiye na alama. Nilikuwa nimepamba moto kweli kweli, kidole kiko juu, nilipoisikia ile sauti ya kuita ngamia kutoka mlangoni.

"Salaam aleikum, mwalimu. Weka yako kwanza."

Mama mwenye ploti alikuwa amesimama pale, binti yake kiunoni, na mgongoni mwanangu.

"Mtoto wangu ameshapimwa," nikasema haraka. "Kadi yake iko nyumbani."

"Karatasi iko nyumbani. Mtoto iko hapa."

Wanawake wakageuka wote kunitazama. Nilitafuta sababu. Nikasema ana usingizi, naye mtoto, ambaye hajawahi kunisaidia katika jambo lolote la aibu, akafumbua macho. Mama mwenye ploti alimfungua mgongoni, akamtumbukiza katika suruali ya mizani kwa ustadi, kana kwamba kazi hiyo ndiyo aliyoajiriwa kuifanya, akamwachia.

Mshale ulitikisika, ukapanda, ukashuka, ukasimama.

Hakuna aliyejua kusoma ule uso wa saa isipokuwa mimi, lakini hawakuhitaji kuusoma. Suruali ile ilikuwa pana na mwanangu alikuwa amepotea ndani yake. Miguu yake ilining'inia myembamba, ngozi ya mapaja imejikunja. Nilikuwa nikimwogesha kila siku na sikuwa nimemwona. Nilimwona siku ile, akining'inia mahali pa paja la mbuzi, na nikajua kwamba kadi yangu nzuri ilikuwa ikinificha ukweli kwamba mwanangu anadhoofika, na akiendelea hivyo atakufa, na mimi nitakuwa nimemwua kwa kijiko kimoja na nusu.

Nilianza kulia mbele ya wanawake thelathini. Mwalimu mkali, kidole bado kiko juu.

Nilitarajia wanicheke, na ningestahili. Yule mama wa Kiwanjani aliinuka, akamtoa mwanangu kwenye suruali. Akamtumbukiza wa kwake. Akaniambia, "Andika. Na usiseme kwa nguvu. Na useme mashallah." Kisha akaja mwingine. Siku ile nilipima watoto ishirini na mmoja kwa kunong'ona, nikisema mashallah kwa kila mmoja, mimi Mmethodisti, kamasi zikinitoka. Walikuwa wameshaona kwamba jicho, kama lipo, limemaliza kazi yake kwangu na halina nafasi kwa wengine.

Jioni mama mwenye ploti aliingia chumbani kwangu bila hodi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gunia la mahindi, akachukua kopo, akatoka nalo. Kesho yake nililiona likiwa limetobolewa matundu chini, ameotesha sukuma wiki. Chupa sikuiona tena. Lakini jioni ile ile alirudi, akakaa kwenye kitanda changu, akamchukua mwanangu, akampa titi lake mwenyewe. Mtoto alinyonya kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinyonya kwa sauti.

"Wewe kunywa," akaniamuru, akinisukumia kibuyu cha maziwa ya ngamia. "Halafu nyonyesha. Hata kama hakuna, nyonyesha. Ngamia naye ukiacha kukamua anakauka. Hii kitu hawakufundisha nyinyi huko chuo?"

Walikuwa wametufundisha. Kwa chati ya rangi.

Alimnyonyesha jioni ile, asubuhi, mchana na jioni ya pili. Kisha akaacha, ghafla kama mtu aliyefunga duka. Mtoto alilia, mimi nikamsihi, naye akakataa katakata akiwa amekunja mikono juu ya kifua kilichojaa.

"Nimempa mara nne," akasema. "Ya tano hapana."

"Kwani ya tano ina nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mwalimu. Kwa dini yao, akanieleza, na alikuwa amemwuliza mwalimu wa madrasa ili asikosee, mtoto akinyonya kwa mwanamke mpaka ashibe mara tano, huyo amekuwa mtoto wake wa maziwa. Watoto wake ni ndugu zake. Hawawezi kuoana milele.

"Na wewe una wasiwasi gani?"

Alimtazama binti yake wa miezi minane, ambaye wakati huo alikuwa anatafuna kandambili yangu.

"Mtoto yako ni kijana mzuri," akasema. "Baba yake mwalimu, mama yake wa serikali. Nafunga mlango ya nini?"

Nilisahau kulia. Nikamkumbusha kwamba mwanangu ni Mkristo. Akasema bado mdogo, ana wakati wa kutosha wa kusilimu. Nikamkumbusha kwamba ni Mmeru. Akafikiri kidogo hapo, nikaona kwamba hili ndilo lililokuwa gumu, kisha akasema kila mtu ana shida yake.

Basi nikabaki na titi langu. Nilikunywa maziwa ya ngamia, uji na supu ya mbuzi mpaka nikawa najihisi natembea na mawimbi tumboni. Nilinyonyesha kila nilipomshika mtoto, na katikati nikamshikiza kwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Siku ya nne maziwa yakaja kidogo, siku ya nane yakaja ya haja. Tatizo likabaki kazini, saa nane kwa siku bila mtoto. Nikamwendea msimamizi nikamwomba nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri nikanyonyeshe. Aliutoa ule waraka wa wizara, akausoma wote kwa kidole, akaniambia unahusu akina mama wanaokuja kliniki. Haukutaja akina mama wanaofanya kazi kliniki.

Nilimweleza mama mwenye ploti kama kichekesho. Hakucheka. Kesho yake saa nne kamili alikuwa ofisini kwa msimamizi, mtoto mmoja mgongoni na mmoja kiunoni, na bango letu la serikali mkononi. Alikuwa amelibandua ukutani. Alilitandaza juu ya mafaili yake.

"Hii picha ni ya nani?"

"Ni ya wizara, mama."

"Hii mwanamke ni nani?"

"Ni mama yeyote tu."

"Huyu wako si mama yeyote?" Akanionyesha mimi, niliyekuwa nimejibanza mlangoni nikiomba ardhi ipasuke. "Kama si mama, mwambie asifundishe sisi. Kama ni mama, mtoto yake hii hapa, iko na njaa, na mimi niko na kazi nyumbani."

Akamweka mwanangu juu ya bango, juu ya meza, akaondoka. Msimamizi na mtoto wakatazamana. Nadhani hakuwahi kuwa karibu hivyo na mtoto, isipokuwa wale wa kwenye kadi. Mwanangu akalowesha bango, kisha faili moja. Tangu siku hiyo nilipata nusu saa mbili, nikiletewa mtoto kliniki, na hakuna aliyewahi kuziandika popote.

Mtoto akanenepa. Sitaji kilo, nimeshafunzwa adabu. Akina mama walikuja kliniki kwa wingi, na wakifika walimtafuta yeye kwanza, wanamshika mapaja wakiguna. Nilikuwa nimeanza tena kuinua kidole, kidogo tu, pale msimamizi aliponiita. Kulikuwa na safari ya Biliqo, upande wa Merti, kuwafundisha akina mama wa huko. Siku moja kwenda, kulala, siku ya pili kurudi.

"Nitakwenda na mtoto," nikasema.

"Gari la serikali halibebi abiria."

"Ana miezi mitano."

"Ni abiria," akasema, na kwa sauti yake nikajua hakuwa amelisahau lile faili.

Nilikwenda kwa sababu bila kazi hatungekula. Nilimwachia mama mwenye ploti maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, uji mwepesi, kikombe na kijiko. Mtoto alikuwa amejaribiwa kikombe wiki nzima na alikuwa akikubali. Nilimwambia kesho alasiri nitakuwa nimerudi.

Biliqo nilikusanyiwa akina mama kama arobaini chini ya turubai la shule, na mkalimani wa Kiborana pembeni yangu. Nikaanza: mama na mtoto wasitenganishwe. Nikasikia minong'ono. Nikaendelea: mtoto wa chini ya miezi sita. Minong'ono ikawa kicheko. Nikajitazama. Blauzi yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

"Yako iko wapi?" akauliza bibi mmoja.

Nikamwambia iko Isiolo. Mkalimani hakuona haja ya kutafsiri. Bibi akasema neno, wote wakaangua kicheko, nami nikaambiwa kwamba kuna mwana-mbuzi mmoja yatima pale nyuma, kama ninataka kusaidia. Nilikwenda pembeni nikajikamua kwenye kikombe na kumwaga mchangani. Hapo kicheko kilikatika. Kwa watu wa mifugo maziwa hayamwagwi chini, hata ya mwalimu. Somo langu liliishia hapo, na sidhani nilimfundisha mtu yeyote kitu isipokuwa kuihurumia serikali.

Mvua ilinyesha juu huko milimani. Kesho yake laga, ule mto mkavu tuliouvuka tukija, ilikuwa imejaa, maji mekundu yanabeba vigogo, na Land Rover ikasimama ukingoni kama mbuzi anayeogopa kuoga. Tulikaa siku ile na siku iliyofuata. Dereva alilala chini ya gari. Mimi nilitembea ukingoni nikihesabu saa, nikiwaza lile paja lililojikunja ngozi. Sina maneno mengine: niliogopa. Nilimwomba Mungu kwa Kimeru, kwa Kiswahili, na nikaongeza na mashallah, nisije nikawa nimebakisha mlango bila kuugonga.

Siku ya nne saa sita mchana nilishuka kwenye gari kabla halijasimama, nikaingia ploti mbio. Ua ulikuwa kimya. Mama mwenye ploti alikuwa amekaa mkekani kwenye kivuli cha ukuta, mwanangu amelala mapajani mwake, mdomo wazi, tone jeupe kwenye kidevu.

"Alikula siku ya kwanza," akasema kabla sijamwuliza. "Ya pili akatema kijiko. Akatema kikombe. Akalia mpaka sauti ikaisha. Nikaita wewe kwa moyo, hukuja."

Akainua mkono wake, akanionyesha vidole vyote vitano.

"Mama," nikasema, "na binti yako?"

"Nilingoja mpaka Adhuhuri. Nikangoja tena. Halafu akaacha kulia." Alimpangusa mwanangu lile tone kidevuni kwa kidole. "Mtoto ikiacha kulia si mzuri. Nikampa ya tano. Halafu ya sita na ya saba, maana nikishavuka nimevuka."

Nilikaa chini mkekani, matiti yakiniuma, nikanyoosha mikono nimchukue. Alinizuia kwa kiwiko.

"Acha alale. Ameshiba."

Binti yake alikuwa anatambaa kutuelekea, amebeba kijiko kinywani. Mama yake akamvuta karibu, akamshika mkono mdogo akauweka juu ya kichwa cha mwanangu, akamwambia maneno machache kwa Kiborana. Niliuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia asimwamshe kaka yake."